Kuhamisha Herufi za Mashine: Faida Yake na Taabu Yake

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyabiashara mdogo wa viungo upande wa Kinole, katika milima ya Uluguru. Alinunua pilipili manga, mdalasini na karafuu kwa wakulima wa vijiji vya juu, akaviteremsha Morogoro mjini kuviuza. Shule ya serikali hakuiona. Elimu yake yote aliipata chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na hesabu zake zote aliziandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, katika daftari nene lenye jalada jeusi. Alipofariki tulikusanyika watoto wake saba, na mbele yetu likaja jambo linalojulikana na kila Mwislamu: mali ya maiti haigawanywi mpaka deni lake lilipwe. Madeni yalikuwa ndani ya daftari lile, na katika sisi saba ni mimi peke yangu niliyeweza kulisoma.

Basi ndugu zangu wakanikabidhi amana. Nilisome daftari ukurasa kwa ukurasa, nilichape kwa herufi za Kilatini katika kompyuta ya madrasa yetu, na kila mrithi apate nakala yake. Kuchapa nilijifunza ujanani kwa taipureta, kwa vidole vyote kumi, wala sikuona kuwa kazi ile ingenishinda. Lakini baada ya wiki mbili mkono wangu wa kushoto ukaanza kuuma, tangu kidole cha mwisho mpaka kwenye kiwiko, hata kushika chaki ikawa taabu.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu, alinikuta ninajikanda mkono, akaniambia, "Baba mdogo, kosa si la mkono wako. Kosa ni la herufi zilivyopangwa. Zihamishe."

Sikujua kuwa herufi za mashine huweza kuhamishwa. Yaliyonipata baada ya kumsikiliza ndiyo ninayotaka kuwasimulia, kwa kuwa nimeona vijana wetu wengi sasa hushinda mbele ya kompyuta, na huenda shauri kama lile likawafikia na wao.

Asili ya mpangilio tulio nao

Ukiitazama kibodi ya kompyuta, au taipureta kuukuu iliyobaki katika ofisi fulani, utaona kuwa safu ya juu ya herufi huanza kwa Q, W, E, R, T na Y. Herufi ya kwanza kabisa, yaani Q, haimo katika tahajia ya Kiswahili sanifu. Kwa hivyo kiti cha mbele amekalishwa mgeni, na sababu ni kuwa mpangilio huu haukutengenezwa kwa ajili yetu. Ulianzia Marekani, katika mji wa Milwaukee, kwa Christopher Latham Sholes na wenziwe, ambao mwaka 1868 walipata hataza ya mashine ya kuandikia. Kiwanda cha Remington, kilichokuwa mashuhuri kwa bunduki, kilikubali mwaka 1873 kuitengeneza, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Mashine ile ya mwanzo iliandika herufi kubwa tu. Ile iliyotoka mwaka 1878 ndiyo iliyoweza kuandika kubwa na ndogo.

Husimuliwa sana kwamba Sholes alizitenganisha herufi zinazofuatana mara kwa mara ili vyuma vya mashine visigongane na kukwama. Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka, wa Chuo Kikuu cha Kyoto huko Japani, waliandika mwaka 2011 kuipinga hadithi hiyo. Wao walisema kuwa watumiaji wa mwanzo walikuwa wapokeaji wa simu za maandishi, na kwamba haja za kazi yao ndizo zilizoisukuma herufi hii huku na ile kule. Iwe sababu ni hiyo au nyingine, jambo moja ni yakini: mpangilio ukishaikamata mikono ya watu, kuuondoa ni kazi. Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Wafaransa waliugeuza kidogo tu, wakaanza kwa A, Z, E, R, T, Y. Wajerumani walibadilishana Y na Z. Ulimwengu mwingi unaotumia herufi za Kilatini umebaki na urithi wa Milwaukee.

Aliyetaka kuubadilisha kwa hesabu alikuwa August Dvorak, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa Seattle. Yeye na shemeji yake William Dealey walizichunguza herufi za Kiingereza, ni zipi hutumika zaidi na ni zipi hufuatana, na mwaka 1936 wakapewa hataza ya mpangilio wao. Katika mpangilio huo, safu ya katikati, ambapo vidole hutulia, ina irabu zote tano chini ya mkono wa kushoto: A, O, E, U, I. Chini ya mkono wa kulia zimo D, H, T, N na S. Katika herufi zote ni mbili tu ambazo hazikuhama mahali pake, nazo ni A na M.

Je, una faida? Wenye ilimu wamehitilafiana. Jaribio la Jeshi la Majini la Marekani la mwaka 1944 liliusifu sana. Jaribio la Earle Strong la mwaka 1956, lililofanywa kwa ajili ya serikali ya Marekani, halikuona faida ya kutosha kuwafundisha wachapaji upya. Mwaka 1990 wachumi wawili, Liebowitz na Margolis, waliyatilia shaka majaribio yale ya mwanzo. Hata hivyo mpangilio huo haukufa. Umo ndani ya kompyuta nyingi za leo, nawe huhitaji kununua kitu. Unaingia mahali pa kuchagua kibodi, unauchagua, na mara moja kitufe kilichoandikwa S kinatoa O.

Kosa langu

Nami niliuchagua siku ile ile, katikati ya kazi ya amana. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. La pili ni kuwa niliihamisha kompyuta ya watu wote bila ya kumwambia mtu.

Asubuhi yake mwalimu mwenzangu, mama mmoja mwenye bidii, aliketi kuchapa tangazo la wazazi. Yeye huangalia vitufe, haangalii kioo. Alipoinua macho akakuta mchafuko wa nukta, mikato na herufi zisizotamkika, na katika mchafuko ule neno moja tu lilisomeka barabara. Mahali alipochapa "sala" palikuwa pameandikwa "oana". Alicheka sana. Mimi niliona haya, kwa sababu nilimpotezea saa nzima akidhani kuwa ameiharibu mashine ya madrasa.

Kosa la kwanza halikuwa la kuchekesha. Katika wiki ya tatu nilifika mahali ambapo mpangilio mpya sijaujua na ule wa zamani vidole vimeanza kuusahau. Ukurasa mmoja niliokuwa nikiumaliza kwa dakika 20 ulinichukua saa moja na zaidi. Daftari la baba likabaki limefunguliwa palepale, siku baada ya siku.

Alhamisi moja jioni kijana wa bodaboda aliniletea habari kwamba mzee mmoja wa kijiji cha juu, aliyekuwa akimwuzia baba pilipili manga, hajiwezi. Moyo wangu ulishtuka. Niliifunga kompyuta, nikachukua kalamu na karatasi, nikalisoma daftari lote usiku ule mpaka karibu na alfajiri. Jina lake lilikuwa katika kurasa za mwisho: gunia moja la pilipili manga limechukuliwa, thamani yake haijalipwa. Asubuhi niliwapigia simu ndugu zangu, tukachanga, na Jumamosi tukapanda mlima. Mzee alitupokea akiwa kitandani, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, baba yako mimi nilikwisha kumsamehe. Lakini mmefanya vema kuja." Tukasikizana naye juu ya thamani, akaipokea mbele ya wanawe. Siku ya tisa baada ya hapo akafariki dunia.

Ndugu yangu, lau ningeendelea kushindana na vitufe, tungefika kwenye maziko yake. Kifaa kipya ni kitu kizuri, lakini mwenye amana ya mtu mkononi hana ruhusa ya kujifunzia juu ya amana hiyo.

Hesabu ya Kiswahili chetu

Madeni yote yalipokwisha kujulikana, nilirudi kwenye mashine kwa utulivu, na safari hii nilianza kwa hesabu. Nililichukua tangazo letu la kawaida: "Wazazi wote wanatakiwa kufika madrasa siku ya Jumamosi baada ya sala ya alasiri." Nikazihesabu herufi zake moja moja. Jumla ni 67. Irabu ni 34, yaani nusu na zaidi, na herufi A peke yake ni 21. Kiswahili hupenda kila konsonanti ifuatwe na irabu, na katika irabu zote A ndiye sultani.

Katika mpangilio wa zamani herufi 36 za tangazo lile zimo katika safu ya katikati. Katika mpangilio wa Dvorak ni 44. Faida ipo, tena inaonekana. Maneno kama dini, dua, adhana, hadithi, sunna na shahada yote huandikwa bila ya kidole kuondoka safu hiyo. Lakini tusiudhulumu mpangilio wa zamani, kwa maana sala na sadaka ziko katika safu yake ya katikati.

Likabaki jambo la mkono wangu. Katika mpangilio wa zamani mkono wa kushoto hubeba herufi 41 za tangazo lile, na katika ule mpya hubeba 42. Mzigo haukupungua hata kidogo! Sababu ni kuwa K, Y, J na P, ambazo sisi tunazitumia sana, Dvorak alizitupa upande wa kushoto pamoja na irabu kwa kuwa Kiingereza hakizihitaji hivyo. Na A, mwenye mara 21 kati ya 67, amebaki palepale chini ya kidole cha mwisho cha kushoto, kidole kilicho dhaifu. Kumbe maumivu yangu yalihama pamoja nami.

Hapo nikafahamu kuwa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine, hata ikiwa nzuri, itakubana begani.

Waturuki walivyofanya

Wako Waislamu wenzetu waliokata kwa kipimo chao wenyewe. Uturuki iliacha herufi za Kiarabu na kushika za Kilatini kwa sheria ya mwaka 1928. Mwaka 1955 mwalimu wa uchapaji aitwaye İhsan Sıtkı Yener alitoa mpangilio uliotokana na kuhesabu herufi za maneno ya Kituruki chenyewe. Unaitwa mpangilio wa F, kwa kuwa safu ya juu huanza kwa F. Katika safu ya katikati mkono wa kushoto una U, I, E na A, na A iko chini ya kidole cha shahada, kidole chenye nguvu. Mkono wa kulia una T, K, M, L na Y.

Nilipolipima tangazo letu kwa mpangilio huo nilistaajabu. Herufi 46 kati ya 67 zimo katika safu ya katikati, na mikono inagawana mzigo 36 kwa 31. Mpangilio wa Waturuki unakifaa Kiswahili kuliko ule wa Seattle! Lakini nao una kasoro kwetu. W, ambayo hatuwezi kusema wazazi wala watoto bila yake, imewekwa pembeni kabisa, kwani haimo katika alfabeti ya Kituruki. Na I kubwa hutoka na nukta juu yake. Tena, kompyuta zilipoenea, Waturuki wengi walirudia safu ya Q kwa sababu ndiyo iliyokuja na mashine. Hesabu nzuri peke yake haitoshi kama vifaa vya sokoni vinasema vingine.

Herufi za wazee wetu

Habari ya Waturuki ilinirudisha kwenye daftari la baba. Sisi nasi tulihama herufi. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi hizo. Tawala za kigeni zilipokuja, shule zao zilifundisha kwa herufi za Kilatini, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ilisanifisha tahajia kwa herufi hizo. Siwalaumu waliozipokea, kwani nami ninazitumia hapa. Ila katika uhamaji ule wazee kama baba yangu, waliokuwa wakiandika barua, mikataba na wasia, walihesabiwa kuwa hawajui kusoma wala kuandika. Na sisi watoto tukaacha kuzisoma hati zao. Watoto saba, msomaji mmoja: hiyo ndiyo hasara ya kuhama na kulitupa la zamani. Mwacha asili ni mtumwa.

Wiki ile ya tatu, vidole vyangu viliposahau njia ya zamani kabla ya kuijua mpya, nilionja kidogo yaliyoupata umma wetu.

Nasaha kwa anayetaka kuhama

Basi kijana wangu, ikiwa umekusudia kuhama, shika haya niliyoyapata kwa taabu.

Kwanza, kama mkono unauma, mwone daktari na uangalie meza yako. Mimi niliambiwa kuwa meza yangu ilikuwa ndefu mno na kwamba sikuwa ninapumzika. Tuliikata miguu meza ile, na nusu ya maumivu ikaondoka kabla ya herufi yoyote kunisaidia.

Pili, kama unachapa kwa vidole viwili, jifunze kwanza vidole kumi katika mpangilio ulio nao. Faida ya hilo ni kubwa kuliko faida ya kuhama, na mashine yoyote utakayoikuta katika ofisi au duka la uchapaji itakutii.

Tatu, usihame ukiwa na mtihani, kazi ya mtu au amana yoyote mkononi. Chagua wakati wa nafasi.

Nne, usivitazame vitufe, kwa maana maandishi yake yatakudanganya. Chora mpangilio mpya katika karatasi, ubandike ukutani mbele yako, kisha jifunze safu ya katikati kwanza kama mtoto anavyojifunza alifu na be. Nusu saa kila siku inatosha. Nami nilipata miezi mitatu kurudi kwenye mwendo wangu wa awali.

Tano, kila siku chapa dakika chache kwa mpangilio wa zamani, usikupotee. Aliye na njia mbili hafungiwi na mto uliofurika.

Sita, mashine ikiwa ya wengi, irudishe kama ulivyoikuta kila unapoondoka. Hiyo ni haki ya jirani.

Na yule asiyependa kuhama kabisa asione kuwa ameachwa nyuma. Wako pia wanaohama nusu njia. Mwaka 2006 Shai Coleman alitoa mpangilio uitwao Colemak, unaohamisha vitufe 17 tu. Lakini huo nao ulipimwa kwa Kiingereza. Ninawaomba vijana wetu mnaosoma ilimu ya kompyuta, hapa Morogoro na kwingineko, kaeni mkihesabu Kiswahili chetu kwa maelfu ya kurasa, si kwa tangazo moja kama nilivyofanya mwalimu wenu. Mwekeni A chini ya kidole chenye nguvu. Mpeni W mahali panapomstahili. Mkimaliza, waachieni watu wachague kwa hiari yao.

Ama mimi, sasa ninachapa kwa mpangilio mpya nyumbani na kwa wa zamani madrasani, na mkono wangu umetulia, alhamdulillahi. Daftari la baba limekwisha, na warithi wote wana nakala. Lakini daftari lenyewe sikulifungia sandukuni. Kila Jumapili baada ya sala ya alasiri wajukuu zake wanne huketi nami barazani, nami huwasomesha ukurasa mmoja kwa herufi zake mwenyewe. Juma lililopita mdogo wao alilisoma jina la mzee yule wa pilipili manga bila ya kusaidiwa, akaniuliza, "Babu, huyu alilipwa?"

Nikamwambia, "Alilipwa, mjukuu wangu. Soma mstari unaofuata."